Daktari Anayemjua Mtoto Wako

Mtoto wa miezi 18 mwenye kilo 9 huenda ni mzima kabisa, na huenda ameanza kudhoofika. Uzito wa siku moja hautoshi kujua. Anayeweza kujua ni yule aliyempima miezi mitatu iliyopita. Ndiyo maana tunaiomba kila kaya ichague kituo kimoja, na ikiwezekana daktari wa watoto, tabibu au muuguzi mmoja, amfuatilie mtoto tangu kuzaliwa.

Kadi ya kliniki ichukue kila safari, hata unapokwenda kwa ajili ya mafua tu. Ndani yake zimo chanjo: BCG anapozaliwa, nyingine wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua-rubela miezi 9 na 18. Umo pia mstari wa ukuaji. Ukilala au ukishuka, uliza sababu siku hiyohiyo.

Mbele ya daktari, aongee anayeshinda na kulala na mtoto. Mara nyingi bibi au dada wa nyumbani ndiye anayejua mtoto amekula nini, amekojoa mara ngapi na kikohozi humbana saa ngapi. Kama hawezi kuja, muulizeni kabla ya kutoka. Taja kila dawa aliyopewa: ya dukani, ya kienyeji, hata ile iliyobaki ya kaka yake. Usifiche kwa kuogopa kufokewa, maana dawa ileile ikitolewa mara mbili inaweza kumdhuru. Na ikiwa kuna mtu nyumbani anayekohoa wiki ya pili sasa, mtaje. Watoto wengi wenye kifua kikuu wameambukizwa na mtu mzima wanayeishi naye.

Akikohoa au kupumua kwa shida, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, hiyo pia ni hatari. Usilale naye nyumbani.

Mtoto aliyepata degedege, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au aliyelegea haamki, usipoteze muda kumtafuta daktari wake. Kimbilia kituo kilicho karibu, usiku au mchana, na kadi yake. Akishatibiwa, mrudishe kwa daktari wake ajue yaliyofanyika.