TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Kuondoa udhia njiani



Ndugu zangu, Mtume ﷺ ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na ni sadaka. Tukisikia "udhia" akili inakwenda kwenye mwiba au kipande cha chupa. Leo tutazame udhia mzito zaidi.

Jirani zetu wa Msumbiji walipigana vita vya uhuru tangu 1964 hadi 1974, kisha vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992. Bunduki zikanyamaza, lakini mabomu ya kutegwa ardhini yakabaki: mashambani, njia za kwenda kuteka maji, kando ya reli. Aliyelitega kaondoka, labda kashasahau. Mtoto ambaye siku ile hakuwa hata amezaliwa ndiye anayepoteza mguu.

Nani aliyatoa? Mashirika ya nje yalileta vifaa na walimu, lakini wengi waliopiga magoti kwenye vumbi ni wananchi wenyewe waliofundishwa kazi. Hata panya buku waliofunzwa hapa Morogoro walipelekwa kunusa baruti.

Kazi yenyewe ni subira tupu. Unafungua kijia cha upana wa kama mita moja na kupitisha mashine ya kutambua chuma. Ikilia, unachimbua polepole kutokea ubavuni, si kwa juu. Mara nyingi ni msumari au kizibo cha soda. Lakini huruhusiwi kusema "ah, msumari tu huu". Kila mlio unahesabiwa kuwa ni bomu mpaka ulione kwa macho.

Wakaenda hivyo zaidi ya miaka 20. Septemba 2015 nchi ikatangazwa kuwa haina tena eneo la mabomu linalojulikana. Watu wakarudi kulima.

*Tunajifunza nini?*

1️⃣ Kama ilivyo sadaka yenye kuendelea, yako pia madhara yenye kuendelea. Fitna uliyoipanda, haki ya mtu uliyoila, uzushi uliousambaza kwenye simu: wewe umesahau, mwenzio bado anaumia. Itegue mwenyewe ungali hai.

2️⃣ Nia njema bila ujuzi haitoshi. Jifunze kwanza, ndipo usaidie.

3️⃣ Tusikae kungoja wageni. Wenye mtaa wakifundishwa, wanaweza.

*Kazi ya leo:* Ukienda tarawehe, angalia njia. Jiwe, liondoe. Mfuniko wa mtaro umevunjika, changeni mumwite fundi. Na watoto waambieni: ukiokota chuma usichokijua, hapana! Usikiguse, usikirushie jiwe, kawaambie wakubwa watoe taarifa polisi.

Ewe Allah, walinde wanaohatarisha nafsi zao ili wengine watembee salama, na utujaalie tusiwe udhia kwa waja wako. Aamin.

Mtumie na mwenzio. Futari njema.