SOMO LA MWEZI: ELIYA, MBIO NDEFU NA YULE WA MWISHO

Soma kwanza: 1 Wafalme 18:41 hadi 19:8



Vijana wa mtaa wetu walitujia nyumbani Jumapili moja baada ya ibada, wakatuomba tuwaandikie somo. Wamekusudia kwenda kwa mbio kutoka Murongo, mpakani na Uganda, hadi Kayanga. Watafuata njia za vilimani badala ya barabara ya magari, kwa siku mbili, na usiku watalala Nkwenda. Walituonyesha kwenye simu picha za watu wa Ulaya wakikimbia milimani, wamebeba mifuko midogo ya maji mgongoni. Mbio zinazozidi marathoni, yaani zinazopita kilomita 42 na mita 195, huitwa ultramarathoni, na siku hizi wapo wengi wanaozikimbia bila kutafuta zawadi: walimu, wauguzi, makarani, wakulima.

Nadhani vijana walitazamia tuwape yale ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, juu ya mpiga mbio na taji. Ni maneno mema, nao wameyasikia mara nyingi. Sisi tumewachagulia Eliya, kwa sababu katika Agano la Kale hatumjui mtu mwingine aliyekwenda mbio ndefu namna ile kisha akaandikwa wazi kwamba alishindwa njiani.

Hebu tufuate habari yenyewe. Eliya anatoka mlima Karmeli akipiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, umbali upatao maili kumi na tano au zaidi, huku mvua inanyesha. Ni siku ya ushindi mkubwa. Kisha anapata vitisho vya Yezebeli, naye anakimbia tena kuelekea kusini mpaka Beer-sheba, zaidi ya kilomita 100. Huko anamwacha mtumishi wake. Anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mretemu, anaomba afe.

Wahubiri wengi husema hapo imani ya Eliya ilipungua. Huenda. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia michezo akisoma sura hii ataona jambo jingine pia: mtu huyu alianza kwa kasi, hakupumzika, hatusomi kwamba alikula, kisha akamwacha mwenzake. Tazama malaika alivyofanya. Hakumkemea wala kumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile. Ndipo Eliya akapata nguvu za kwenda siku arobaini mpaka Horebu.

Basi somo la kwanza kwa vijana wetu ni la tumbo, na wasilidharau. Mwili wa binadamu huweka akiba ya nguvu za haraka katika misuli na ini, na akiba hiyo humtosha mkimbiaji kilomita 30 hivi. Ikiisha, miguu huwa kama ya mtu mwingine, kichwa huwa kizito, na mtu hodari huweza kukaa kando ya njia akalia. Tiba yake ni kula mapema, kabla ya kusikia njaa, kidogo kidogo, tangu saa ya kwanza. Hapa tusione haya kusema kwamba Karagwe na Kyerwa tumebarikiwa. Wakimbiaji wa nchi za mbali hukatiwa vipande vya ndizi mbivu kwenye vituo vyao, na kwetu ndizi zimezunguka nyumba. Ndizi mbivu, kiazi kilichochemshwa kikatiwa chumvi, na uji wa ulezi katika chupa vinatosha kumfikisha mtu mbali. Kahawa ya kutafuna ichukuliwe kwa kiasi. Inaamsha, lakini hailishi.

Maji nayo yana kiasi chake. Zamani makocha waliwakataza wakimbiaji kunywa, na hilo lilikuwa kosa. Baadaye wengine wakaamrishwa kunywa kupita kiasi, na hilo likaleta kosa la pili: maji mengi matupu huzimua chumvi iliyo katika damu, na wapo walioanguka, hata kufa, kwa sababu hiyo. Unywe kwa kadiri ya kiu, na chumvi isikosekane katika chakula.

Juu ya mazoezi tutasema machache, maana vijana wameanza vizuri. Siku moja ya juma waende mwendo mrefu, siku nyingine wapunguze, na umbali uongezwe pole pole juma hadi juma. Vilima virefu wapande kwa kutembea. Katika mbio za namna hii kutembea si aibu hata kidogo, mabingwa wenyewe hutembea penye mwinuko. Wajihadhari zaidi na mteremko. Anayeshuka kwa fujo siku ya kwanza, mapaja yake yatamwadhibu asubuhi ya pili pale Nkwenda, hata kushuka ngazi ya mlango itakuwa kazi.

Tena wasifikiri kwamba michezo hii ni ya wageni tu. Simon Mtuy wa Kilimanjaro alianza akiwa mpagazi wa mlimani, akawa kiongozi wa wapandaji. Tarehe 26 Desemba 2004 alipanda mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, akashuka hadi chini kwa saa 8 na dakika 27. Amekwisha kukimbia pia zile maili 100 za Western States huko California. Mbio hizo mwanzo zilikuwa za farasi, tangu mwaka 1955. Mwaka 1974 mpanda farasi mmoja, Gordy Ainsleigh, alizikimbia kwa miguu yake mwenyewe, akafika kwa saa 23 na dakika 42.

Lakini mbio zilizotugusa zaidi tulipokuwa tukitayarisha somo hili ni zile za Comrades za Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, kilomita 90 hivi, vilima kwa vilima. Sababu ni kwamba zilizaliwa, kwa namna fulani, katika nchi yetu. Aliyezianzisha ni Vic Clapham, dereva wa treni. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari wa miguu hapa, wakati nchi ikiitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na alitembea kilomita zipatazo 2,700 wakilifukuza jeshi la Lettow-Vorbeck. Aliporudi kwao alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa taabu iliyofanana na ile. Alikataliwa kwanza, watu wakiona ni wazimu, mwishowe akakubaliwa. Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16.

Ni ukumbusho mwema. Hata hivyo sisi wa nchi hii tunalo la kuongeza. Askari hao hawakutembea peke yao. Mbele na nyuma yao walikuwapo wapagazi, wetu na wa nchi jirani, waliobeba unga, risasi na wagonjwa. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa hao, Carrier Corps, jeshi la wachukuzi. Mahali pamepewa jina lao, lakini wengi wao, mmoja mmoja, majina yao hayakuandikwa popote. Na katika mbio za Comrades zenyewe Waafrika na wanawake hawakukubaliwa rasmi mpaka mwaka 1975. Robert Mtshali, Mwafrika, alikimbia mwaka 1935 akafika, wala hakuwekwa katika orodha ya washindani.

Hapo kwenye orodha ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hilo linatuhusu sisi tunaoandika.

Katika miaka ya tisini tulikuwa wakufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, na zamu ya michezo ilikuwa yetu. Tuliandaa mbio za nyika za kilomita 12. Tulikaa mwisho wa mbio na saa na daftari. Ilipofika saa kumi na mbili jioni tulihesabu majina, tukaona yanatosha, tukakunja daftari tukaenda kula. Mwanachuo mmoja wa kike alikuwa bado njiani. Alifika giza limeingia, viatu mkononi, akakuta uwanja mtupu na mbuzi wa jirani. Asubuhi orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Akaisoma, akatujia kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, mbona mimi simo?" Tukamjibu, "Ulichelewa."

Tumefundisha miaka mingi na tumesahau majibu mengi tuliyowapa wanafunzi. Hilo hatujalisahau. Alikuwa amekimbia kilomita zile zile 12 kama wenzake, tena kwa uchungu zaidi. Hatukumwomba radhi wakati nafasi ilikuwapo. Alimaliza masomo akapangiwa kazi mkoa mwingine, nasi hatukuonana tena.

Sasa mlinganishe na habari ya John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki huko Meksiko, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200, alianguka wakimbiaji walipokuwa wakigombea nafasi. Goti likaumia vibaya, na bega pia. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani amefungwa bendeji, akichechemea, zaidi ya saa nzima baadaye: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Jua lilikuwa limekuchwa, watazamaji wengi wamekwisha ondoka. Lakini aliyeshika saa alikuwa bado yupo. Ndiyo sababu leo tunajua hata sekunde zake, na kwamba alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, wakati zaidi ya 70 walikuwa wameanza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Wala asidhani mtu kwamba alikuwa mkimbiaji dhaifu. Mwaka 1970 huko Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano.

Twafurahi pia kwamba Septemba 2025 huko Tokyo Alphonce Simbu aliiletea Tanzania ubingwa wa dunia wa marathoni, akimpita Mjerumani mwishoni kabisa, saa zao zikilingana mpaka sekunde. Pale ilihitajika mashine ya kupiga picha ili kumjua wa kwanza. Kwa wa mwisho haihitajiki mashine, anahitajika mtu wa kukaa.

Watu wa Comrades wanayo desturi ambayo sisi hatuipendi sana, ingawa tunaielewa. Saa kumi na mbili zikitimia tangu kuanza, mtu husimama pale mwisho akiwa amewapa wakimbiaji kisogo, asimwone yeyote, akapiga bunduki. Anayefika nyuma ya mlio huo hahesabiwi, hata kama amekosa hatua mbili. Angalau wameitangaza sheria hiyo kabla ya mbio, nasi hatukutangaza. Tena wanayo desturi nyingine ya kuisawazisha ile: wakimbiaji wa polepole hukusanyika nyuma ya kiongozi mzoefu, kundi wanaloliita basi, na yeye dereva. Huwaambia lini watembee na lini wakimbie, wakiimba njiani, na huwafikisha wengi ambao peke yao wasingefika. Eliya alipomwacha mtumishi wake Beer-sheba aliliacha basi lake.

Na sisi wa Karagwe tunayo kumbukumbu yetu. Wazungu wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Grant akaugua mguu, ukavimba na kutoa usaha, hata kusimama hawezi. Speke hakumngoja. Januari 1862 aliendelea na safari ya Buganda. Grant alibaki hapa mpaka Aprili, akilishwa na kutunzwa kwa Rumanyika, kisha akaondoka akiwa amebebwa. Vitabu vingi humtaja Speke kwa habari ya chanzo cha Nile. Mwenyeji aliyekaa na yule aliyebaki nyuma alikuwa mzee wa hapa hapa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi. Malaika alimlisha Eliya kwanza, na habari ya safari akamwambia aliporudi mara ya pili. Je, sisi tunapomwona ndugu aliyechoka katika kanisa, huanza na mkate au na maneno? Katika daftari la mtaa wetu, la waliobatizwa na waliopewa kipaimara, ni nani ambao hatujawaona mwaka mzima, na nani aliwafuata? Siku ya pili ya mbio, vijana wa kwanza watafika Kayanga labda saa tisa alasiri, na wa mwisho pengine saa mbili usiku. Nani atakaa pale na taa, uji wa moto na daftari?

Kwa swali hilo la mwisho, sisi tumekwisha andika jina letu. Tunahitaji wengine wawili, na tochi. Majina apewe katibu wa vijana baada ya ibada ya Jumapili.