Ukikamatwa Kwenye Maandamano, Hesabu Saa

Tangu vijana walipojaa barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, kila maandamano mapya yakitangazwa polisi nao hutokea kusema kwamba hayana kibali. Kauli hiyo imewatia watu wengi woga, tena watu wenye madai ya haki kabisa: hospitali ya kaunti isiyo na dawa, barabara iliyolipiwa mara mbili bila kujengwa, karo iliyopanda huku fedha za umma zikiishia mifukoni mwa wachache. Basi tuanze hapo. Kenya haina kibali cha kuandamana. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwapelekea viongozi malalamiko, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Zamani ilikuwa lazima uwe na leseni, na serikali ikawa inaitumia kuzima mikutano ya wapinzani. Leseni hiyo iliondolewa na mageuzi ya 1997.

Kilichobaki ni taarifa. Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, inamtaka mwandalizi ampelekee mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS wa eneo hilo, taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya maandamano. Andika majina yako kamili, mahali unapopatikana, tarehe, saa, na uwanja au njia mtakayopita. Saa ziwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Nenda na nakala mbili, moja ibaki mezani kwa OCS, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe urudi nayo. Usikubali kuambiwa "acha tu hapa, tutaangalia." Nakala yenye muhuri ndiyo itakayomjibu yeyote atakayedai mahakamani kwamba polisi hawakujulishwa.

OCS anaweza kukuambia siku hiyo haiwezekani ikiwa kuna watu wengine waliotangulia kuleta taarifa ya mahali pale pale na wakati ule ule, na akujulishe hivyo kwa maandishi. Anaruhusiwa pia kuusimamisha mkusanyiko usio na taarifa, au pakiwa na hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani. Kwa hiyo wanaorusha mawe wanawaumiza wenzao mara mbili. Kinga ya Kifungu cha 37 haiwafikii, na wanampa ofisa sababu aliyokuwa anaitafuta. Pakianza kuvunjwa maduka karibu nawe, ondoka. Kanuni ya Adhabu inawahesabu watu watatu au zaidi wenye nia ya kutenda kosa kuwa mkusanyiko haramu, na kifungo chake kinafika mwaka mmoja.

Sasa tuseme umekamatwa. Kifungu cha 49 kinataka uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na uambiwe kwamba unaweza kunyamaza. Taja jina lako, kisha useme utazungumza mbele ya wakili. Usitie sahihi taarifa usiyoisoma, hata ukiahidiwa kwamba ukitia sahihi utaenda nyumbani. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima yake. Simu yako nayo inalindwa na Kifungu cha 31 kuhusu faragha, na sheria ya 2018 ya makosa ya mitandao inawataka wapelelezi wapate hati ya mahakama ndipo wachimbue yaliyomo. Wakikunyang'anya simu, usipigane nao. Sema kwa sauti ya kawaida kwamba hujakubali ipekuliwe, na uhakikishe imeandikwa kwenye orodha ya vitu vyako.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni saa. Lazima ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita tangu ulipokamatwa. Zikiishia wakati mahakama imefungwa, mwisho wake unasogea hadi jioni ya siku ya mahakama inayofuata. Ukikamatwa Jumanne saa nne asubuhi, Jumatano saa nne uwe umeshafikishwa. Ukikamatwa Jumanne saa 12 jioni, saa 24 zitaishia mahakama ikiwa imefungwa, kwa hiyo wana hadi Alhamisi. Ijumaa ndiyo mbaya. Anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala seli hadi Jumatatu na Katiba isiwe imevunjwa, na watu wa vituoni wanalijua hilo vizuri sana.

Hesabu hiyo huharibiwa kwa njia nyepesi mno: mtu anakamatwa mchana, anazungushwa kwenye gari la polisi, kisha anaingizwa kwenye OB usiku kana kwamba ndiyo kwanza ameshikwa. OB ni kitabu kikubwa cha matukio kinachokaa kaunta ya kituo. Kila tukio lina nambari yake pamoja na tarehe na saa, na tukio la 23 la tarehe 25 Juni 2024 husomeka 23/25/06/2024. Ukifikishwa kaunta, sema saa uliyokamatwa na mahali, uombe viandikwe hivyo. Rafiki aliyekuona ukichukuliwa aandike papo hapo saa, mtaa, nambari ya gari na jina lililo kifuani mwa askari. Askari mwenye sare analazimika na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kuvaa jina au nambari yake mahali panapoonekana. Ikiwa kaficha, andika hivyo hivyo: "alificha jina."

Jamaa wa aliyekamatwa wakienda kituoni wakaambiwa hayupo, wasirudi nyumbani kungoja. Waombe kuripoti mtu aliyepotea na wapewe nambari ya OB, kisha wamtafute wakili. Chama cha Mawakili, LSK, kilituma mawakili kwenye vituo wakati wa maandamano ya 2024, na ofisi za Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria zipo kwa wasio na uwezo. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu siku hiyo hiyo kuomba amri ya polisi kumleta mtu huyo mbele ya jaji. Haki hiyo, kwa Kifungu cha 25, haipunguzwi na sheria yoyote wala na hali yoyote. Naisema kwa uzito kwa sababu tangu 2024 kuna familia zilizozunguka kutoka kituo hadi kituo, kisha mochari, kumtafuta mtoto aliyetoka asubuhi na bendera mkononi.

Ukiachiliwa kituoni, dhamana ya polisi ni bure. Ukitakiwa kuweka pesa taslimu, dai risiti rasmi, maana pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha. Mtoto wa chini ya miaka 18 asichanganywe na watu wazima seli.

Kuhusu risasi, Julai 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaovamia biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi halisemi hivyo. Linataka njia zisizo za nguvu zitangulie, nguvu zilingane na hatari iliyopo, na aliyeumia apewe matibabu mara moja. Tena linasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio kwa askari aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Askari wanaosoma safu hii wanajua kwamba atakayesimama kizimbani ni yule aliyefyatua.

Aliyeumia aende hospitali kwanza. Kifungu cha 43 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kisha apate nambari ya OB na fomu ya P3, ambayo kituo hutoa bila malipo na daktari huijaza. Piga picha kila ukurasa kabla ya kuirudisha, kwa maana P3 hupotea. Malalamiko dhidi ya polisi yapelekwe IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na kila kifo au jeraha baya lililosababishwa na polisi ni lazima liripotiwe huko.

Tena usiache yale madai yenyewe yafe kwa sababu vumbi limetulia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia ruhusa ya kuiandikia kaunti au wizara na kuomba, kwa mfano, mkataba wa ile barabara isiyojengwa na hati za malipo yake. Kuwasilisha ombi hakuna ada, na jibu litoke ndani ya siku 21. Wakikataa, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ofisa akikuuliza unazitakia nini, si lazima umweleze, na hana ruhusa ya kukunyima kwa sababu ya jibu hilo.