Amua Kabla Hujashika Gita

Wadogo zangu, leo nataka tuongee na wazazi. Kuna swali linalonifikia mara kwa mara, leo kwa mama, kesho kwa baba, na kiini chake ni kilekile: nimetamani kupiga gita tangu ujana wangu, sasa nina watoto, nina kazi, nina wazee wananitegemea, je, muda wangu umeshapita?

Haujapita. Wala huna haja ya kusubiri watoto wakue. Kitu cha kuacha ni wazo kwamba utaanza siku utakapopata nafasi. Mzazi hapati nafasi, anapata vipande. Maharage yako jikoni yanachemka, hicho ni kipande. Mtoto anaoga, hicho ni kingine. Umeme umekatika na televisheni imenyamaza. Watoto wamelala na wewe bado hujasinzia. Gita linakubali vipande hivyo kwa sharti moja: kabla hujalishika, uwe umeshaamua utafanya nini nalo.

Tazama jinsi dakika kumi zinavyopotea. Unafungua mfuko, unakuta nyuzi zimelegea. Unachukua simu utafute somo, unakutana na ujumbe wa kikundi cha wazazi wa darasa la pili. Ukishajibu, unafungua video ya kwanza, huipendi, unafungua ya pili. Mtoto anaita. Unarudisha gita mfukoni ukijiambia huna muda. Mdogo wangu, muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni kazi ya kufanya ndani yake.

Likae mahali unapoliona

Gita lililofungwa juu ya kabati halipigwi. Ning'iniza lako ukutani kwa ndoano imara, mahali ambapo mkono wako unafika na wa mtoto wa miaka miwili haufiki. Liepushe na jua la dirishani, na usiliache kamwe ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu joto hulegeza gundi na kupinda mbao. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi na jasho la mikono; ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, zitachelewa kushika kutu.

Kama bado hujanunua, nakushauri utafute gita la nyuzi za nailoni. Ni laini kwa vidole kuliko za chuma, na sauti yake ni ya upole, jambo la maana katika nyumba yenye mtoto anayelala mchana. Shingo yake ni pana kidogo, kwa hiyo kama mikono yako ni midogo lijaribu kwanza, au uliza gita la saizi ya robo tatu. Ukinunua lililotumika, liinue usawa wa jicho utazame shingo kama imenyooka. Kisha angalia nyuzi zimeinuka kiasi gani juu ya shingo kwenye freti ya 12; freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo. Nyuzi zikiwa juu sana, kila kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, itakuwa mateso na utadhani tatizo ni vidole vyako, kumbe ni gita. Fundi anaweza kuzishusha. Na usikubali mtu akufungie nyuzi za chuma kwenye gita lililotengenezwa kwa nailoni, mvuto wake ni mkubwa na unaweza kubandua daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi kwenye tumbo la gita.

Umbo moja, kodi tatu

Nyuzi ni sita. Kuanzia ile nene, inayohesabiwa kuwa ya sita, hadi ile nyembamba, ya kwanza, zinatuniwa E, A, D, G, B, E. Pakua programu ya kutuni kwenye simu, ziko za bure, na ulituni gita kila siku hata kama hutapiga wimbo wowote. Sikio linajifunza hapo hapo.

Kisha anza na kodi moja, ile inayoandikwa Am. Kidole cha shahada kinabonyeza uzi wa pili kwenye freti ya kwanza. Cha kati kinabonyeza uzi wa nne kwenye freti ya pili, na cha pete uzi wa tatu kwenye freti hiyohiyo ya pili. Bonyeza kwa ncha ya kidole, nyuma kidogo tu ya kile chuma, usikikanyage. Kucha za mkono huo ziwe fupi kabisa. Gonga uzi mmoja mmoja, usikilize upi umezibwa, urekebishe kidole husika.

Sasa vihamishe vidole vyote vitatu, bila kubadili mpangilio wake, kuelekea nyuzi nene kwa uzi mmoja. Hiyo ni kodi ya E. Ukiwa hapo, inua kidole cha shahada peke yake, viwili vingine vibaki. Hiyo ni Em. Umeona? Umbo moja la mkono limekupa kodi tatu. Mtu mwenye saa nzima anaweza kujifunza kodi kumi siku ya kwanza na kuzisahau kesho yake. Mzazi mwenye vipande achukue umbo hili moja akae nalo wiki nzima mpaka mkono uende wenyewe.

Kinachowakwamisha wanafunzi wengi si kushika kodi, ni kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kusimama. Zoezi lake ni hili: kwa dakika moja, hama kutoka Am kwenda E na kurudi, ukihesabu umehama mara ngapi. Andika idadi. Kesho rudia. Usikimbilie kugonga nyuzi kwa mbwembwe, angalia vidole vinavyotua. Idadi itapanda taratibu, na siku ambayo huoni maendeleo yoyote, karatasi itakuonyesha ulikotoka.

Vidole vitauma, hasa wiki za mwanzo. Hayo ni ya kawaida, ngozi ya ncha hukomaa kadiri unavyoendelea. Ila maumivu ya kifundo cha mkono, au ganzi, si ya kuvumilia; weka gita chini, legeza bega, uangalie umekaaje. Na jambo ambalo vitabu vya gita huliruka kwa sababu havikuandikwa jikoni: fanya zoezi kabla ya kuosha vyombo au kufua. Ngozi iliyolowana inakuwa laini na uzi unaikata.

Kazi moja kwa kila kipande

Jumapili jioni, unapopanga sare na daftari za wiki, chukua karatasi uandike kazi za gita. Jumatatu: Am, uzi mmoja mmoja. Jumanne: kuhama Am na E kwa dakika moja, mara tatu. Jumatano: E na Em. Alhamisi: kugonga nyuzi kuelekea chini, mapigo manne kwa kila kodi, ukihesabu kwa sauti. Ijumaa: rudia iliyokushinda. Jumamosi: wimbo. Bandika karatasi hiyo ukutani kando ya gita. Siku ikifika husomi somo, hutafuti video, unafanya kilichoandikwa. Video itafute Jumapili, ndiyo siku ya kuamua.

Msione dakika kumi ni za kubahatisha. Tangu mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipochapisha kazi yake juu ya kumbukumbu mwaka 1885, watafiti wameona tena na tena kwamba kujifunza kidogo kidogo kwa siku nyingi kunakaa kichwani kuliko kujifunza kwingi kwa mkupuo. Usingizi wa usiku nao husaidia kuimarisha kile ambacho mkono ulijifunza mchana. Kwa hiyo mzazi wa dakika kumi kila siku ana mwalimu mzuri kuliko anayesubiri Jumamosi apige saa mbili mfululizo, halafu Jumamosi yenyewe ikaja na msiba, harusi na kikao cha kikoba.

Ukikosa siku, usilipe deni kesho kwa kupiga dakika 20. Shika kazi ya siku uliyomo uendelee. Kulimbikiza madeni ndiko kunakomfanya mtu aliache gita kabisa.

Watoto wakiwepo

Wengi mnasubiri watoto walale kwa sababu mkishika gita wanakuja kuvuta nyuzi. Wape kazi. Mpe mmoja simu awe mshika saa wa ile dakika moja, na mwingine ahesabu umehama mara ngapi. Utashangaa watakavyokusimamia. Aliye mdogo zaidi apewe zamu yake ya kugonga nyuzi zote wakati wewe umeshika kodi. Anasikia yeye ndiye anayepiga, na kwako ni zoezi la kushikilia kodi bila kulegea. Zamu ikiisha, imeisha, sasa ni ya mama au ya baba.

Jambo hili nalipenda kwa sababu moja kubwa. Watoto wetu wanatuona tukiwa tunajua kila kitu: tunajua kupika, tunajua kukemea, tunajua nauli ya kwenda Mbagala. Hawatuoni tukijifunza. Mtoto anayelia na hesabu za kugawanya akimwona mama yake anakosea kodi, anarudia, anakosea, anarudia bila kulia, amepata somo ambalo huwezi kumpa kwa kuhubiri.

Usiku wakishalala, usigonge nyuzi zote. Chambua kwa vidole. Mpiga gita Mwenda Jean Bosco wa Katanga, nchini Kongo, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga wimbo wake Masanga, alitumia dole gumba na kidole cha shahada: gumba likishika besi kwenye nyuzi nene, shahada ikitafuta sauti ya juu. Sikudai ufike alipofika. Chukua ule mgawanyo wa kazi tu: gumba uzi wa tano, shahada uzi wa pili, kwa zamu, polepole, ukiwa umeshika Am. Ukiona bado sauti ni kubwa, ingiza kipande cha kitambaa chini ya nyuzi karibu na daraja. Jirani hatasumbuka.

Maneno ya watu, na ya moyoni

Sasa tuseme ukweli. Wapo watakaokuuliza mtu mzima na gita unatafuta nini. Wapo wanaoliona bado ni chombo cha baa. Kwa mama maneno huwa makali zaidi, na yale ya moyoni mwako yanayaunga mkono: ningeweza kuwa napiga pasi sasa hivi.

Ngoja nikwambie habari za Elizabeth Cotten, Mmarekani mweusi aliyezaliwa North Carolina miaka ya 1890. Alijifunza gita akiwa msichana mdogo. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, akaligeuza gita juu chini akajitafutia njia yake. Akaolewa angali binti, akapata mtoto, na kanisani akaambiwa nyimbo za dunia aziache. Akaacha kwa miaka mingi sana, akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Alikuwa bibi tayari alipoanza kulishika gita lililokuwa ukutani katika nyumba ya familia ya wanamuziki ya Seeger, alikoajiriwa, na vidole vikakumbuka. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Mwaka 1985, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alipewa tuzo ya Grammy.

Watu huisimulia habari hii kusema hujachelewa, na ni kweli. Mimi inaniuma pia. Miaka ile yote ya ukimya, laiti angeambiwa kwamba angeweza kuwa mama na kubaki na gita lake. Basi wewe nakwambia. Pasi itapigwa. Dakika kumi hazimnyimi mtoto chakula wala mwenzi heshima.

Kwa wenye wenza, ombeni muda kwa kutaja saa. Ukisema nahitaji muda wangu, mwenzako anasikia lawama. Ukisema kuanzia saa tatu usiku hadi saa tatu na robo naomba uwaangalie watoto, Jumanne na Alhamisi, anajua mwanzo na mwisho. Nawe umpe zake. Kwa unayelea peke yako, chagua kipande ambacho tayari kina ulinzi: watoto wakifanya kazi za shule mezani, wewe fanya yako kwenye kiti cha pili.

Wimbo wa kwanza

Usianze na wimbo unaoupenda redioni. Anza na ule ambao mdomo wako unaujua bila kufikiri: pambio la kanisani, wimbo wa kubembeleza, wimbo mliokuwa mkiimba mchakamchaka. Nyimbo nyingi za namna hiyo zinakwenda kwa kodi tatu, kama G, C na D, ambazo utaziongeza moja moja baada ya umbo la kwanza kukaa. Ikiwa wimbo uko chini mno kwa sauti yako, funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, shingoni upandishe gita likufuate, badala ya kulilazimisha koo lishuke. Imba polepole hata kuliko unavyoona aibu. Kasi itakuja ikishapata pa kukaa.

Kwa hiyo usinitafutie sababu nyingine, mdogo wangu. Kabla hujalala leo, andika kazi moja tu ya kesho, hata kama gita bado hujanunua: kwamba utamuuliza nani, au utapita duka gani. Andika na saa. Kesho jioni niandikie uniambie ulifanya nini, na kama kuna kodi imegoma, nitajie ni ipi na kidole kipi, tuirekebishe.

Dada yenu.