Somo: Mashine ya Pipi na Kiinua Mgongo Chako



Mashine inayouza pipi yenyewe si ngeni duniani. Mwaka 1888 kampuni ya Thomas Adams ya Marekani iliziweka katika vituo vya treni mjini New York: unatia sarafu, chingamu inatoka. Siku hizi wapo watu wanaomfuata mfanyakazi aliyestaafu wakimwambia anunue mashine kumi, kisha akae nyumbani.

Tufanye hesabu. Tuseme zimeingia shilingi 100. Pipi zimegharimu 40, mwenye mahali amechukua 25, nauli ya kwenda kuijaza ni 15. Zimebaki 20, na hapo kufuli halijavunjwa wala pipi hazijayeyuka kwa joto. Mashine ikiwa mbali, nauli peke yake inamaliza faida. Tena chunguza sarafu: iliyotengenezewa sarafu za nje haitapokea zetu mpaka kifaa chake kibadilishwe.

Muuza mashine naye achunguzwe. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2012 humtaka ampe mnunuzi maelezo ya maandishi walau siku 7 kabla ya kupokea fedha, pamoja na majina ya watu 10 walionunua awali. Nawe mwombe majina hayo, uende ukaone mashine zao na daftari zao. Akikuharakisha utie sahihi leo, mwache aende.

Walio katika chama cha kuweka na kukopa waanze na mashine moja iliyotumika, karibu na lango la kazini, na waandike mapato na matumizi kwa miezi 3 kabla ya kununua ya pili.