Stika ya pikipiki haikulipi pikipiki

Bodaboda anayeshusha abiria na magunia kutoka Kalinzi hadi Kigoma mjini hana haja ya kuhimizwa kukata bima, trafiki wanatosha. Shida huanza pikipiki inapoibwa. Anakwenda kwa wakala kudai fidia, anaambiwa alikata bima ndogo. Wakala hajamdhulumu.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakulazimisha kumkatia bima mtu mwingine utakayemgonga. Hiyo ndiyo bima ndogo, na chombo chako hakimo. Ukitaka ulipwe kwa wizi, moto au ajali yako mwenyewe, kata bima kubwa.

Vyombo vya ndani, sola, cherehani na kahawa uliyoihifadhi ukingoja bei havina trafiki wa kukukumbusha. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wafanyabiashara walipoteza bidhaa zao usiku mmoja. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ikafanya bima ya masoko ya umma na majengo ya biashara kuwa ya lazima. Lakini bima ya jengo ni ya jengo. Mali iliyo ndani ya kibanda ni juu yako mwenyewe.

Uliza pia inakinga nini. Bima ya moto peke yake kwa kawaida haigusi mafuriko, na watu wa mwambao wa Ujiji waliona Ziwa Tanganyika lilivyopanda miaka ya 2020 na 2021. Kama unakaa milimani, ulizia mvua kubwa na maporomoko.

Sasa thamani, ambako wengi huumia. Duka lina mali ya shilingi milioni 10, wewe unataja milioni 5 ili ada ipungue. Moto ukiteketeza mali ya milioni 4, usitarajie milioni 4. Mikataba mingi hulipa kwa uwiano: ulikata bima ya nusu ya mali, unalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 2. Kutaja zaidi ya thamani nako hakusaidii, maana fidia haizidi hasara uliyopata.

Una haki ya kupewa hati ya bima na kuelezwa yaliyomo kabla ya kulipa. Hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Jaza fomu kwa ukweli, maana jibu la uongo linaweza kufuta madai yote. Weka risiti za EFD na picha za mali, nakala zake ziwe kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Likitokea la kutokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni mapema.

Kampuni ikikataa, idai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Huhitaji wakili kumfikia.