SOMO LA KUSIKILIZA: KWA NINI NAUPENDA WIMBO HUU?

Muhula huu vijana wawili walibishana Jumapili jioni. Redio ya kupigia nyimbo za dini ilikuwa moja tu. Mmoja alitaka kwaya ya sauti nne isiyo na ala. Mwenzake alitaka magitaa na ngoma. Ubishi haukuwa na ubaya mpaka mmoja aliposema, “Huo wako si ibada.” Tangu hapo hawasemezani. Somo letu ni juu ya neno hilo.

Zamani aliyetaka wimbo wa kanisa alikwenda kanisani, akaimba ulioimbwa na wote. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kunasa sauti. Baadaye zikaja santuri, redio, kaseti, na sasa simu ya mkononi. Hivyo kila mtu hujichagulia wimbo wake, na penye wengi pana mengi.

Tutazame mifano miwili. Mwaka 1958 huko Kamina, katika Kongo, Padre Guido Haazen aliongoza watoto na walimu wao kuimba Misa ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo. Santuri yao, Missa Luba, ilisikika duniani kote. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mtanzania, alitunga “Mfurahini, Haleluya” kwa mahadhi ya Kihaya. Wimbo huo leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani. Basi twaona kwamba mahadhi yaliyo mageni kwa huyu ni ya nyumbani kwa yule, na ibada yaweza kupita katika yote mawili.

Nami nina kosa la kuungama. Siku moja nilipanda basi kutoka Handeni kwenda Korogwe. Ukapigwa wimbo wa kinanda cha umeme, nami nikaguna moyoni: huu nao ni wimbo? Kumbe mama aliyeketi kando yangu alikuwa akifuta machozi. Nilimwamkia, nikampa pole. Akaniambia, “Mwanangu, wimbo huu waliuimba siku tulipomzika mdogo wako wa mwisho kwangu.” Nikanyamaza. Mpaka leo wimbo ule siupendi. Lakini siwezi tena kusema kwamba haumfikishi mtu kwa Mungu.

Kwa hiyo tupambanue maneno matatu. “Naupenda” ni neno la moyo, halidai ushahidi. “Umeimbwa vizuri” ladai ushahidi: je, maneno yasikika? Sauti zapatana? Mapigo hayayumbi? La tatu, “si ibada”, lahukumu moyo wa mtu mwingine, nasi hatuuoni.

Tena tukumbuke majirani. Katika wilaya zetu Wakristo na Waislamu twaishi ukuta kwa ukuta. Wimbo uupendao sana usiwe sababu ya kumnyima mwenzio usingizi.

ZOEZI. Chagua wimbo mmoja usioupenda. Usikilize mara tatu: kwanza fuata maneno, pili fuata sauti ya besi peke yake, tatu keti na mtu aupendaye, umwulize sababu. Kisha andika mistari mitano. Huenda usiupende bado, na si kosa. Lakini utakuwa umemjua mwenzio.